Mkono Uko

Kuna watu mjini hapa ambao wakiniona nimekaa barazani hugeuza uso pembeni. Wananiita mwanamke aliyezima moto wa shangazi yake. Hawakosei. Niliuzima kweli, kwa neno moja, na wote waliokuwa kiwandani siku ile walinisikia. Ila wanaosimulia habari hiyo huanzia mwisho, kwa hiyo nimeona niianze mwanzo, tena niisimulie mwenyewe kabla sijaanza kusahau kama wenzangu.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mtu wa misafara. Alitoka Unyamwezi akiwa msichana, anamfuata mumewe aliyebeba pembe kushuka pwani, na yeye kabeba vyungu vya kupikia. Walipofika Ugogo homa ikamwangusha. Mume akangoja siku mbili, ya tatu akaondoka na msafara, vyungu akaviacha. Shangazi alipenda kutuambia kwamba huo ndio ulikuwa urithi wake wote hapa duniani, homa moja na vyungu vitatu. Wanawake wa Kigogo walimwokota ukingoni mwa mbuga ya chumvi, magharibi ya hapa palipo mji leo, wakamnywesha uji wa uwele mpaka akasimama.

Mbuga yenyewe wakati wa masika ni tope tupu. Kiangazi kikikaza inapasuka, na juu yake unatoka unga mweupe. Wanawake waliukwangua kwa vipande vya vibuyu, wakautia kwenye vikapu, wakamwagia maji, na maji yaliyochuruzika chini wakayachemsha mpaka ikabaki chumvi. Kila mmoja alipika ya nyumbani kwake, basi. Shangazi ndiye aliyetazama njia ya misafara na kuona kwamba kila anayepita anataka chumvi, na kila anayepita analalamikia mchanga. Chumvi ya siku zile uliitafuna kwa tahadhari, meno yasije yakavunjika.

Yeye akachuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa. Akaifinyanga madonge makubwa kama kichwa cha mtoto, na kila donge akalilamba kwa ulimi wake mwenyewe. Lililokuwa na mchanga alilirudisha chunguni. Lililo safi alilikandamiza kiganja cha kulia likiwa bado bichi. Na kiganja hicho kilikuwa na vidole vinne. Kidole cha mwisho hakikuwepo, tangu shinani. Alama ile hakuna aliyeweza kuiiga pasipo kujikata, na wapishi wengine wa chumvi walikuwa na tamaa, lakini si kiasi hicho. Chumvi ya vidole vinne ikafika Tabora na ikafika pwani, na yeye mwenyewe hakuvuka tena ukingo wa mbuga. Wanawake sita walikuja kufanya kazi kwake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shida zake, wakala na watoto wao hapo kwa miaka.

Kidole kilikwendaje? Baba alikuja kumfuata huku, nikakulia jirani yake, na nilipokuwa mdogo shangazi aliniambia kilikatwa na shoka. Baadaye akasema fisi. Nikaja kumsikia anamweleza mnunuzi kwamba aliumwa na nyoka, ikabidi kikatwe. Nikamwambia kwa hesabu yangu amepoteza vidole vitatu vya mwisho katika mkono mmoja. Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa kifupi, mara mbili tu, kama mtu anayebisha mlango.

Eneo lile la mbuga alipewa na mwenye nchi wa Kigogo, na maneno waliyopeana yalikuwa machache. Chumvi ya hapa ni yako maadamu mkono uko. Kila kiangazi kikianza, vyungu vya kwanza vikiwa motoni, mwenye nchi alimtuma mjumbe wake, mtu mmoja yule yule miaka yote. Alikuwa mrefu, amejipaka udongo mwekundu na mafuta, ndewe za masikio zikimfika mabegani. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyookota kwa wapagazi. Alisimama kwenye uwazi wa ua wa miiba, akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", tukamwitikia, kisha akauliza: mkono uko? Shangazi aliuinua. Uko. Mjumbe akachukua donge la kwanza la msimu, akaenda zake.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililoniponza. Kiwandani, chungu kikiwa motoni, ilikuwa marufuku kusema "hakuna". Ilikuwa marufuku pia kusema kitu kimekwisha, kimekufa au kimepotea. Tulisema kimelala. Kuni zimelala, maana yake nenda katafute nyingine. Siku moja mtoto wa mmoja wa wale wanawake alifia nyumbani kwa surua, na dada yake akaja mbio mpaka kwenye ua, akatuona tunakoroga. Akasema mtoto amelala. Mama yule akaweka upawa chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka pasipo kuuliza neno. Nilimuuliza shangazi kwa nini tunajitesa hivi. Alisema mbuga inasikia, na ukiiambia hakuna, itakuitikia. Nilidhani ni maneno ya kutufanya tusilalamike.

Mimi nilihamia kwake wakati reli ya Wadachi inapanda kutoka Gulwe. Mume wangu alikwenda kuchimba tuta, homa ikammaliza huko kambini, wakaniletea blanketi lake. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Binti yangu alizaliwa kiwandani, kwenye kibanda cha kukaushia, na shangazi ndiye aliyempokea.

Reli ilipofika Dodoma ilileta chumvi nyeupe ya magunia. Misafara ikapungua, na njia ambayo zamani ilijaa watu ikaota majani. Bwana mmoja wa reli alikuja kututazama, akalamba donge, akafurahi, akasema atamtengenezea shangazi muhuri wa chuma kwenye karakana ili asijichoshe kugonga kiganja. Shangazi alimwambia chuma hakilambi. Mkalimani alisita, sijui alimtafsiria nini, maana yule bwana alicheka na kumpa mkono. Tukabaki na wafugaji, ambao ng'ombe wao hawakuitaka ile nyeupe, na vibarua wa reli waliosema haikolezi mboga. Hiyo ilitosha watu wanane na watoto wao kula.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya kwanza ya msimu, vyungu vinane viko motoni. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kivulini mwa kibanda, na donge la kwanza lilikuwa mbele yake, bichi. Aliinua mkono kulikandamiza, akaurudisha pajani. Akasema, "Mwanangu, leo ulimi wangu hauonji kitu." Nilipogeuka kumjibu alikuwa ameegemea nguzo, na macho yake yanatazama mbugani. Tulimwingiza ndani tukamlaza. Hakuna aliyelia, maana moto ulikuwa unawaka. Wale wanawake sita walirudi kukoroga, machozi yanawatiririka mpaka kwenye vyungu, na mimi nikasimama katikati ya ua sijui nishike lipi.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Saa hiyo mbugani hakuna kivuli, na kila kitu cheupe kinatetemeka kwa mazigazi. Nikamwona mjumbe anakuja. Alionekana anatembea hewani, miguu haigusi chini, kama wote wanavyoonekana saa ile, na nilikuwa nimeshayaona hayo mara mia. Siku hiyo yalinitisha. Akafika kwenye uwazi wa ua, akatusalimu, tukamwitikia.

"Mkono uko?"

Nilitaka kusema kweli. Nawaapia nilitaka. Lakini chungu kilikuwa kinachemka karibu na goti langu, na mdomo uliozoea ukatoa neno ulilolizoea. Nikasema mkono umelala.

Wanawake sita wakaacha kukoroga. Kwetu sisi nilikuwa nimemaliza, nimetangaza msiba kwa adabu zote. Kwake yeye, kwa Kiswahili chake cha wapagazi, kulala kulikuwa kulala. Akaitikia kwa kichwa, akaweka mkuki wake chini, akakaa kwenye jua. Akasema atangoja aamke.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya, na ndipo shetani aliponiingia. Nikawatazama wale wanawake. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine alikuwa haoni vizuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kurudi. Na mimi je, niende wapi na mtoto wa kunyonya na blanketi la marehemu? Mkono ukiwa haupo, mbuga inarudi kwa mwenyewe. Tungetoka jioni ile.

Wakati nawaza hayo, ndani ya kibanda mtu akakohoa. Kwa ufupi, mara mbili.

Nilijiambia ni nguzo imelia kwa joto. Mjumbe akaniangalia akasema, "Ameamka." Kwa hiyo hata yeye alisikia.

Nikachukua lile donge bichi, nikaingia nalo. Shangazi alikuwa kama tulivyomlaza. Nikamwomba radhi, nikaushika mkono wake wa kulia, nikauweka juu ya donge na kuukandamiza kwa mikono yangu miwili. Haukuwa baridi. Nilihisi, na sijamwambia mtu mpaka leo, kwamba haukuhitaji kukandamizwa sana. Nikalitoa donge nje nikampa mjumbe. Akapitisha kidole chake kwenye kila alama, moja, mbili, tatu, nne, akaridhika. Mkono uko, alisema, akaondoka kwenye mazigazi kama alivyokuja.

Tukazima moto, tukalia, tukamwosha. Chumvi iliyobaki kwenye mistari ya kiganja chake haikutoka. Tulimwagia maji mara tatu, mara saba, ikabaki pale pale, nyeupe. Akazikwa nayo.

Mwaka mzima sikulala vizuri. Nilikuwa nimemchelewesha maiti, nimemtumia kama chombo, na juu yake nimemdanganya mtu ambaye hakuwahi kutukosea. Nikaamua kwamba msimu ukifunguliwa nitasema kweli, iwe itakavyokuwa. Siku ilipofika nikazuia moto usiwashwe mpaka mjumbe afike. Chumvi kidogo iliyobaki ya mwaka uliopita niliilowesha, nikafanya donge moja. Mjumbe akaja saa ile ile. Kabla hajauliza nikamwambia kwamba shangazi alikufa, na kwamba siku ile aliyokaa akingoja alikuwa tayari maiti. Nikalikandamiza donge mbele yake kwa kiganja changu cha kulia chenye vidole vitano. Nikamwambia huu ndio mkono uliopo, mwenye nchi akiukataa tutaondoka.

Hakukasirika. Alilichukua donge akaliweka juani, akachuchumaa kulitazama, nikachuchumaa upande wa pili. Jua la mbugani halichelewi. Alama zilianza kukauka, na kingo zake zikawa nyeupe na kali. Lakini ile ya kidole cha mwisho chumvi ilikuwa inachanua ndani yake, kidogo kidogo, kama ukungu kwenye ugali uliolala. Ikajaa, ikawa sawa na mwili wa donge. Nikapitisha ukucha. Hapakuwa na shimo wala ufa, kama vile sikuwahi kukiweka kidole hicho. Vikabaki vinne.

"Mkono uko," alisema mjumbe. Halafu, kwa lugha yake, polepole ili nielewe, akanieleza kwamba hata yule mwingine alipokuja kutoka Unyamwezi alikuwa na vyote vitano. Yeye alikuwa kijana, na ndiye aliyetumwa kumuuliza mara ya kwanza. Akachukua donge akaenda.

Wale sita walishangilia kimya kimya, wakawasha moto. Mimi nilikaa kwenye kigoda cha shangazi nikautazama mkono wangu. Niliogopa. Na nilifurahi pia, nisiseme uongo. Nilikuwa na pa kukaa.

Kidole hakikuniuma hata siku moja. Mwaka wa kwanza nilikigusisha chungu cha moto sikusikia kitu, nikajua tu kwa harufu. Mwaka wa pili kucha iliacha kuota. Kikaanza kukauka na kuwa chepesi, hata nikitikisa mkono kinafuata baada ya wenzake. Wakati huo ndio vita vya Wadachi na Waingereza vilianza, na meli hazikuja tena. Chumvi nyeupe ikatoweka madukani. Ghafla kila mtu akakumbuka njia ya kwetu. Askari wa boma walikuja kupanga foleni pamoja na wafugaji, na wote, hata wale ambao hawakuwahi kumwona shangazi, waliuliza kwenye uwazi wa ua kama mkono uko. Nikawa mtu mkubwa. Niliongeza vyungu, nikajenga kibanda cha pili. Watu waliacha kuniita kwa jina langu, wakaniita kwa la shangazi, nami nikawa naitika.

Katikati ya neema hiyo kidole kikabanduka. Nilikuwa nakoroga, nikaona kitu kinaelea kwenye maji ya chumvi, nikadhani ni kijiti. Hakikutoa damu. Nilikifukia mbugani mwenyewe. Walioniuliza niliwaambia shoka. Baada ya miezi michache nikajisikia namwambia askari mmoja habari ya fisi, na sauti ile haikuwa yangu, nikaacha katikati. Nilikohoa ili niendelee. Nilikohoa kwa ufupi, mara mbili. Wale wanawake wakageuka wote wakanitazama, kisha wakainamisha vichwa kwenye vyungu vyao.

Hata hilo ningelivumilia. Mtu huzoea. Wenzangu walikuwa wanashiba, na kidole kimoja si bei mbaya kwa watu saba na watoto wao.

Lakini msimu uliofuata, siku ya kufungua, nilikuwa nimefinyanga madonge ya kwanza nikayapanga kwenye ubao. Nikaenda kuongeza kuni. Niliporudi nikamkuta binti yangu amesimama kwenye ubao, anajichekea. Alikuwa amefika umri wa kung'oa meno. Aliniambia, "Mama, nimekusaidia, nimeonja, halina mchanga." Kwenye donge la mwisho palikuwa na kiganja kidogo, vidole vitano vizuri, vimetanuka kama vya kuku. Na mimi niliyekuwa nalijua jua lile nikachuchumaa. Kile cha mwisho kilikuwa kimeshaanza kuchanua.

Nilikifuta. Nililisaga donge lile lote kwa mikono yangu nikalimwaga mchangani, nikamshika mtoto nikamwosha kiganja kwa maji ya kunywa, nikasugua mpaka akalia. Nilimtazama kidole. Nikakibana, nikamuuliza anasikia? Alisikia, alipiga kelele. Bado nilikuwa nakibana, nikiwaza kwamba mimi mwenyewe siku za mwanzo nilikuwa bado nasikia kidogo, nilipoona kwenye mazigazi mtu mrefu anakuja, miguu haigusi chini.

Vyungu vyote vilikuwa motoni. Wanawake sita walikuwa wanakoroga, na nje ya ua wanunuzi walikuwa wanangoja na mizigo yao. Nilimwona yule asiyeona vizuri akitabasamu, kwa sababu alitambua hatua za mjumbe kabla hajasalimu. Nililiona lile tabasamu, na nilijua namfanya nini. Alisimama kwenye uwazi. "Mbukwenyi." Tukaitikia.

"Mkono uko?"

"Hakuna," nikasema.

Upawa wa mtu ukaanguka. Mjumbe alinitazama, halafu akamtazama mtoto aliyekuwa amejificha kwenye kanga yangu. Sidhani kama alishangaa. Aligeuka akaenda mikono mitupu, na mimi sikuinua wangu kumwonyesha. Vyungu viliendelea kuchemka mpaka jioni, maji yakaisha, na chini mlikuwa na mchanga wa kijivu tu. Katika vyote. Kesho yake mbuga nzima ya upande wetu ilikuwa ya rangi hiyo hiyo.

Wanawake wale walitawanyika. Mmoja alinitemea mate, na nilistahili. Yule wa macho mabovu nilisikia aliishia kuomba stesheni, na habari yake ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Baada ya mwaka Wadachi nao wakaondoka. Sasa watu wakitaka kuwasifu waliofungua njia za biashara hapa Dodoma humtaja shangazi kwanza, mgeni mwenye vyungu vitatu, na ni haki yake. Kisha hutajwa mimi, niliyekabidhiwa kitu kikubwa hivyo nikakitupa kwa ujinga.

Binti yangu naye anaamini hivyo. Ni mtu mzima, ana watoto, na anauza vitumbua Majengo kwenye jua. Siku akiwa amechoka huniuliza kwa nini nilimnyima kiwanda, na leo angekuwa wapi. Huniuliza hayo amekaa nyuma yangu, ananisuka nywele. Sijawahi kumjibu. Nafumba macho, navihesabu vidole vyake vinavyopita kichwani mwangu, mpaka nivisikie vyote kumi.